Kisanduku cha Tano

Bwiza, Avenue ya Sita,
Bujumbura.
Jumapili, 14 Agosti 2005

Mpendwa kaka yangu Révérien,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Lusaka? Habari za kazi? Wifi yangu Fabiola mguu umepona, au bado anachechemea na kusema si kitu? Watoto nao? Sisi hapa ni wazima. Presha ya Mama imetulia, ila ulimi wake haujatulia hata kidogo. Ameniamuru nikusalimie vizuri kabla sijaandika neno jingine lolote, basi nimekusalimia.

Mji upo. Vumbi la kiangazi ni lile lile unalolijua, umeme unakatika unapopenda. Mwaka huu tumekwisha kupiga kura mara tatu, na milio ya risasi iko mbali huko milimani. Kuna wiki nzima zinapita hatujaisikia, tunamshukuru Mungu.

Sasa kaa chini, kaka. Tumeshinda. Usiulize nani kamshinda nani, nakuja huko. Wiki nzima nimetembea na ushindi huu kama mtu mwenye viatu vipya, na hapa mtaani wamekwisha kuchoka kunisikiliza. Ndiyo maana nakuandikia wewe, maana hata ukichoka huwezi kunikimbia.

Unamkumbuka Candide, binti wa fundi saa wa pale kwenye kona, yule uliyemfundisha kupanda baiskeli? Amerudi kutoka Ulaya. Amemaliza udaktari wa vitabu, na sasa anafanya utafiti unaofuata baada ya udaktari. Anataka kujua kama watu wanaonyimwa haki kwa sababu ya rangi au kabila bado wanaiamini kura. Anafanya hivyo katika nchi tatu, na ya tatu ni yetu.

Alipofika, mtaa ulisikia tu kwamba ni docteur. Kesho yake asubuhi Mama Daphrose, yule muuza samaki wadogo wa ndagala, alikuwa mlangoni kwake akimwonyesha goti. Candide akamweleza kwa adabu kwamba udaktari wake ni wa kuuliza watu maswali. Mama Daphrose akamwambia basi aulize, goti linauma tangu Pasaka.

Mimi alinichukua kwenye ankete, yaani ile kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na fishi, zile karatasi za maswali, mkononi. Anasema alinichagua kwa sababu najua Kiswahili na Kirundi. Mama anasema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Tulikuwa sita, na kartie zetu, yaani mitaa ya kuzunguka, zilikuwa tatu: Bwiza, Cibitoke na Mutakura.

Kila fishi ilikuwa na maswali thelathini na mawili. Ulisoma hadi wapi, ukienda ofisini nani anahudumiwa kwanza, unaamini kura yako inahesabiwa. Hayo peke yake yangekwenda vizuri. Taabu ilikuwa swali la nne.

Swali hilo lilitoka Ulaya likiuliza kwa Kifaransa mtu ni wa race gani, yaani wa asili gani, na mtu mmoja huko ofisini alilitafsiri akaandika: "Wewe ni rangi gani?" Nikamuuliza Mama Daphrose. Akatazama kitenge chake, akaniambia manjano. Nikaandika manjano. Kazi ni kazi.

Baadaye wakabadilisha, wakaweka kabila, na chini yake visanduku vinne: Muhutu, Mututsi, Mutwa, Mgeni. Najua umesoma mstari huo mara mbili, kaka. Mimi pia niliusoma mara mbili. Kule Cibitoke na Mutakura watu walikuwa wakitazama mlango kwanza ndipo wajibu, na wengine waliniambia nijaze mwenyewe ninavyoona, kisha wakakataa kabisa maswali ya kura. Hapa Bwiza walijibu kama unavyojua tunavyojibu: "Mi ni Muswahili." Kisanduku cha jibu hilo hakikuwepo. Nawe utamwandikaje mgeni mtu ambaye baba yake alizaliwa Avenue ya Pili? Nikawa naandika neno hilo pembeni, kwenye nafasi tupu. Kati ya fishi mia moja na ishirini za Bwiza, sabini na nne zilikuwa na neno Muswahili pembeni.

Ndipo akaja Profesa, mzungu anayesimamia kazi ya Candide. Alizipitia fishi zetu kwa penseli, taratibu, kisha akasema hizo sabini na nne zimeharibika. Kanuni ni kwamba jibu lisiloingia kwenye kisanduku si jibu, na kwa kuwa zilizobaki ni chache mno, Bwiza yote itaondolewa kwenye hesabu. Sitaki kumsingizia, si mtu mbaya, alieleza kwa upole kabisa. Candide alianza kuzipanga fishi upya. Profesa ndiye anayemtilia sahihi kazi yake.

Nikuambie ukweli, mimi sikufikiria utafiti wa mtu hapo. Nilikufikiria wewe. Nilikuona tena mwaka 1995, umebeba mkate kwapani, na wale vijana mwisho wa avenue wakikuuliza ubwoko wako, kabila lako. Baba alikuwa mtu wa Muramvya, Mama ni mtu wa Uvira, sisi tumekulia katika Kiswahili cha Bwiza, ukawajibu tunavyojibu siku zote. Wakakuzaba kofi, wakasema jibu hilo halipo. Wakauliza mara ya pili, ukarudia lile lile, na jino likatoka. Siku ya nne ulipanda boti la mizigo la kuvuka ziwa hadi Mpulungu, Zambia. Miaka kumi sasa, na hukuwahi kuandika kwamba utarudi. Mara moja tu uliandika kwamba hutalala katika mji ambao jibu lako halimo. Barua hiyo Mama anaiweka ndani ya Biblia yake, na hajaifungua tena.

Basi nilisimama. Kifaransa changu kinanikimbia nikikasirika, kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili, Candide akatafsiri.

"Profesa, kaka yangu aling'olewa jino kwa jibu hili. Usiniambie halipo. Lipo, ni fishi yako ndiyo haina nafasi yake."

Watu wakatazama chini. Nilijua nimekwisha kufukuzwa kazi, na wala sikujuta. Profesa akavua miwani, akauliza kaka yangu aliulizwa mara ngapi. Nikamwambia mbili. Akauliza kama mara ya pili jibu lilibadilika. Nikamwambia apana. Akaandika kitu katika daftari lake, na Candide naye akapata sauti.

Alisema tujaribu jambo moja. Turudi kwenye nyumba zote, na safari hii kalamu, bik yenyewe, tumpe mwenye nyumba mwenyewe. Swali la nne liwe hivi: "Mtu akikuuliza wewe ni mtu gani, unapenda kujibu nini?" Chini yake mstari mtupu, hakuna visanduku. Wakiandika neno lile lile kwa mkono wao, basi si kosa letu wala lao. Profesa alitupa siku tisa.

Kaka, tulitembea. Soli ya kiatu changu cha kushoto ilibaki Mutakura. Hapa Bwiza, kati ya watu wale wale mia na ishirini, themanini na wanane waliandika Muswahili. Wasiojua kuandika waliniambia niandike, niwasomee, kisha wakaweka kidole gumba. Fishi ya Mama Daphrose mpaka leo inanuka ndagala. Kule Mutakura wapo walioandika kabila la baba na la mama, yote mawili, bila kunong'ona, na mzee mmoja wa Cibitoke aliandika fundi cherehani, akakataa katakata kubadilisha. Na wengi wa wale waliokataa maswali ya kura mwanzoni, walipopewa bik waliyajibu yote. Hilo ndilo lililomfanya Profesa akose usingizi, si hasira yangu.

Jumamosi ya wiki iliyopita walisoma matokeo katika ukumbi wa parokia, mbele ya watu wa kartie zote tatu. Jedwali lilikuwa ukutani, herufi kubwa. Visanduku vinne vya zamani vilikuwepo, na chini yake cha tano: WASWAHILI. Bwiza imehesabiwa! Mama alipiga vigelegele mpaka padri akacheka. Candide alilia mbele za watu, daktari mzima. Profesa alinipa mkono, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, "Apana kosa." Nikamsamehe yote, hata ile penseli.

Haya, nimemaliza kujisifu. Mama anakusalimu sana na anauliza unakula nini huko. Candide anakusalimu, anasema baiskeli bado anapanda kwa kuyumba. Mama Daphrose anakusalimu pamoja na goti lake. Msalimie wifi Fabiola, nao watoto uwabusu na kuwaambia ni kutoka kwa shangazi yao wa Bwiza. Mungu aliyekuvusha ziwa akutunze na nyumba yako yote.

Ndani ya bahasha hii utakuta fishi moja tupu, mpya, iliyochapwa baada ya matokeo, yenye visanduku vitano. Nimemwomba Candide akupokee kwenye hesabu. Amesema kanuni hairuhusu kwa posta: mtu anahesabiwa nyumbani kwake, akiwa amelala hapo usiku uliotangulia. Kitanda chako Mama amekwisha kukitandika. Usisahau bik.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, Muswahili mwenzako,

Odette