Tiketi ya Mayu Minza

Jumanne, Bariadi. Mvua ya mwisho wa msimu imenyesha mchana, na mimi najionea kinyaa.

Hapa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, tunaipokea kwa foleni ya tiketi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, bosi anataka kila kitu kitoke kwenye kompyuta, na mtu wa kompyuta ni mimi. Wakulima walikuwa wananung'unika: wamefika saa mbili asubuhi, tiketi inasema 08:00. Jana nikaamua kuwapa saa ya Kiswahili, saa mbili isomeke 02:00. Nikaongeza mstari mmoja tu wa kubadili saa, TZ, kwenye faili la mipangilio, nikaifungua programu ya tiketi kutoka kwenye terminali, pale pa kuandikia amri, saa ikasoma vizuri. Nikajigamba ofisi nzima.

Sikujaribu kuifungua kwa menyu.

Leo asubuhi nikaibofya kwenye menyu, kama kawaida. Kumbe faili nililoligusa husomwa na terminali peke yake. Programu inayosimamia madirisha ya kwenye skrini, ambayo ndiyo huanzisha vitu vya kwenye menyu, haina habari nalo. Basi Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma, mtu mzima aliyetoka Lagangabilili na mkokoteni wa ng'ombe, akapata tiketi ya 08:10. Umeme ukakatika. Uliporudi nikaifungua programu kwenye terminali, na waliofika saa tatu wakapata 03:00. Kompyuta ikawapanga wote mbele yake.

"Baba, mimi nimefika kabla ya hawa," aliniambia dirishani.

"Mayu, kompyuta haikosei."

Nilijibu hivyo bila hata kuangalia tiketi yake. Puu!

Mvua ikamkuta bado uwanjani, bila turubai. Zamu yake ilipofika, mpimaji akazamisha mkono kwenye gunia. "Mvua kidogo vile ifike katikati? Umeimwagia maji iongeze uzito. Rudi nayo, mayu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaiona tiketi, nimeshaelewa kila kitu. Nikainamia kibodi.

Alifunga magunia yake akaondoka.

Nimeuhamisha ule mstari kwenye faili linalosomwa mtu anapoingia tu kwenye kompyuta, kabla madirisha hayajaanza. Sasa menyu na terminali zinakubaliana. Kazi ya dakika mbili. Kusema kosa ni langu kusingechukua hata moja.

Kesho alfajiri naenda Lagangabilili kumtafuta, nirudi naye, niseme mbele ya mpimaji yuleyule na watu walewale. Nitathubutu kweli, au nitajificha tena nyuma ya kompyuta isiyokosea?