Dirisha la Upande wa Mlima

Nanyuki, Jumapili ya baridi, mwezi wa Julai

Wanjiru mjukuu wangu,

Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mama yako alituletea viazi kutoka Kiriaini. Marehemu Guka, babu yako, bado namlilia mara moja moja, lakini nalala vizuri.

Umeniuliza kama uondoe madirisha ya upande wa mlima kwenye bweni unalochora, ili wanafunzi wapate joto bila kutumia stima nyingi. Mwalimu wako anataka yaondolewe, na wewe unayapenda.

Guka alipotujengea nyumba hii, tukiwa tumeoana juzi tu, aliweka dirisha kubwa upande huo, kwa sababu wazee wake walimwomba Mungu wakiutazama mlima. Jioni baridi iliteremka ikaingia moja kwa moja. Nikatundika blanketi.

"Wewe mwanamke! Nimekupa mlima mzima, nawe unaufunika?"

"Na huo mlima utanipikia chai?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaliziba kwa mawe, akaacha nafasi ya kutosha nyuso zetu mbili, na dirisha kubwa akalihamishia upande wa jua. Tangu hapo kuni zetu zilidumu.

Kwa hivyo ziba, mama, lakini usizibe yote. Acha moja dogo pale kwenye ngazi, ambapo watoto wa watu watakutana. Langu nalifungua kila asubuhi. Siku hizi nafasi ya uso mmoja hubaki wazi, na mlima unaonekana vizuri.

Ukilichora hilo dogo, unikumbuke.

Cucu wako