Pilipili Manga zenye Jina la Baba

Alhamisi, Shaaban, 1971

Na leo tena. Jirani yangu Bi Salma kaniletea pakiti ya pilipili manga, jina la baba limeandikwa juu. Serikali ilishalichukua duka letu, jina ikalibakisha.

"Hebu nipe bakuli la maji, Zuhura," akanambia.

Akazimwaga. Pilipili za kweli zikazama. Nusu nzima zikaelea: mbegu za papai!

Jaribio hilo ni la baba mwenyewe. Akilifanya barazani mbele ya wateja, na ndilo lililomjengea jina mji mzima.

Nkamlalamikie nani mie? Nani anayelalamika siku hizi?

Baba, ambaye haoni tena, akaita kutoka chumbani: "Zimezama?"

"Zote, baba."

"Alhamdulillahi. Jina langu hawajaliharibu."