Paskazia na Donati za Mochi

Hamida, acha unachofanya usome. Paskazia ameharibu. Ameharibu kabisa!

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya majaribio kwenye kile kibanda cha donati, na viza yake ya matembezi inaisha Alhamisi.

Asubuhi mpishi alimpa aonje donati mpya, za mochi, za unga wa mchele unaonata. Akang'ata. Ikavutika kama bigijii, ndivyo zinavyotakiwa.

Wewe unamjua. Amekaanga maandazi Musoma miaka sita, amejifundisha mwenyewe, na kwake andazi likivutika ndani ni bichi. Hakumlaumu mtu. Mpishi alipotoka kidogo, akazirudisha zote kwenye mafuta. Moja moja, Hamida! Trei mbili!

Mimi nilikuwa nafuta meza za mgahawa wetu hapo jirani. Arbab, bosi mwenye kibanda, akaja na wageni kuonja. Akauma, ikalia kama kokoto.

"Nani amekaanga hizi?"

Paskazia, kwa ile sauti yake ya chini: "Mimi, sir. Zilikuwa mbichi. Nimeziivisha."

Nimeziivisha! Mbele ya wageni!

Arbab: "Khalas, basi. Vua aproni."

Akaivua, akaikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Sasa amekaa kwenye meza yangu, macho mekundu, anatafuna kipande alichobakiza cha ile aliyoonja asubuhi. Eti, "Kumbe ukiizoea ni tamu."

Hamida, Alhamisi ni keshokutwa! Shemeji Nassir bado anatafuta mtu wa jikoni pale Mankhool? Mpigie sasa hivi. Sijui nimwambie nini huyu akimaliza kutafuna.