Kwa Mama Yetu Marlys Tollefson, Aliyetaka Mwanawe Afike Ulaya

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, theluji ikiwa bado imekalia paa la banda la pikipiki. Watu walituambia machozi hukauka. Ya kwetu bado.

Ulipika katika shule ya hapa mjini miaka ishirini na miwili. Hadi leo wanaume wenye ndevu wanamsimamisha Baba dukani kumwambia kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukiwaongezea viazi bila kuombwa. Hukupenda makelele. Kila mwanao Kellen alipoanguka na pikipiki kwenye kona ya mashindano, wazazi wengine walipiga mayowe; wewe ulitembea hadi alipolala, ukachuchumaa, ukamuuliza, "Leo siku gani?" Akijibu sawasawa, unamwambia, "Basi inuka, unawazibia wenzako njia."

Ulimpandisha pikipiki akiwa na miaka mitano, juu ya ziwa lililoganda, matairi yamepigwa misumari yasiteleze. Alipofika kumi na mitano alikuwa akiwashinda watu wazima wa Wisconsin na majimbo ya jirani. Hapo ndipo mzee Lester alipokuambia, pale mgahawani Ijumaa, siku ambayo mji mzima huenda kula samaki, "Marlys, huyu mtoto umemzalia bara lisilo lake. Huko Uhispania wenzake wana walimu na mafundi tangu hawajaota meno ya pili. Zamani sisi Wamarekani tulitamba kwenye mchezo huu. Siku hizi nani anatutafuta?"

Ukamjibu, "Tutachelewa, Lester, lakini tutafika. Kula samaki wako."

Wewe ndiye uliyeendesha gari, tela la pikipiki nyuma, Wisconsin hadi Alabama na kurudi, na Jumatatu ukawa jikoni shuleni umefunga aproni. Kellen akawa bingwa wa nchi nzima akiwa na miaka ishirini na miwili, akarudia mwaka uliofuata. Siku ya kombe la pili majukwaa yalikuwa nusu matupu. Kesho yake bingwa wa Marekani alikuwa kazini, akibadilisha matairi ya matrekta, na mteja akamuuliza kama ana leseni ya kuendesha chombo chochote. Kellen alicheka alipotusimulia. Wewe hukucheka.

Kisha timu moja ya Italia ikapiga simu. Daraja la pili la mashindano ya dunia, mwaka mmoja, halafu wataona. Akaondoka Januari. Mwezi wa Juni daktari akakuambia una saratani ya kongosho. Ulituketisha, Baba na binti yako Britta, ukasema, "Kellen asijue. Akijua atarudi, na akirudi hawatamwita tena. Kwao Mmarekani ni wa kujaribiwa mara moja."

Britta akasema, "Mama, hiyo ni dhambi."

"Basi ni yangu. Wewe funga mdomo tu."

Tukafunga. Kila Jumapili ulipaka midomo rangi, ukakaa mbele ya simu, ukamwambia umepungua kwa kuwa umeacha sukari. Naye huko alikuwa akijifunza viwanja ambavyo wenzake walivijua macho yamefumbwa. Alimaliza wa kumi na saba, wa kumi na nne, mara moja wa tisa. Siku hiyo ulilia kwa furaha, ukatapika, ukalia tena.

Alirudi Desemba, akafungua mlango, akakuona. Aliweka begi chini, akaenda kukaa bandani mpaka Baba alipomfuata.

Mwishoni mwa Februari timu ile ya Italia ilimtaka arudi kwa majaribio ya msimu mpya. Akawaambia haji, mama yake yuko mahututi. Ulipojua ulimwita kitandani.

"Miezi minane nimemeza maumivu kwa ajili ya nafasi ile," ulimwambia. "Na wewe umeitupa ili uje kunitazama nikilala?"

"Ningekuwa mtu wa namna gani, Mama, kama ningekwenda?"

"Ungekuwa bingwa."

Siku tatu hukusema naye. Alikuletea supu, ukaugeukia ukuta. Siku ya nne ulimwomba akunyanyue uketi, ukamshika mkono, lakini dawa zilikuwa zimeshaanza kukuchukua. Ulimwita kwa jina la kaka yako. Wiki iliyofuata ukatutoka.

Kuna jambo lazima tukuambie, na hatuna mahali pengine pa kulisemea. Mwezi wa Septemba, Renzo, yule fundi mzee wa timu ya Italia, alimpigia Kellen. "Bwana mdogo, nimestaafu, sasa naweza kusema. Kijana mmoja wa Kihispania alitia saini kuchukua nafasi yako tangu Novemba, wewe ukiwa bado hujafunga mizigo. Februari walikuita kwa sababu alikuwa ameteguka mkono. Wangekutumia wiki moja, kisha wangekurudisha kwenu."

Kwa hiyo nafasi haikuwapo, Mama. Uliyoyameza uliyameza bure. Kellen hakutupa kitu. Mligombana juu ya hewa tupu.

Msimu uliopita alishindana hapa nyumbani, akawa wa tatu. Hakuna aliyepiga simu. Ana miaka ishirini na sita, na huko umri huo ni uzee. Vijana wa majimbo mengine wanamwandikia kumuuliza watafikaje Ulaya. Anaanza kuwajibu, kisha anafuta. Britta alimuuliza kwa nini.

"Niwaambie nini, dada? Kwamba njia ipo?"

Tungependa kuandika maneno ya faraja hapa, kama familia nyingine zinavyofanya. Hatunayo. Tunazililia siku zile tatu tu, ulizomgeuzia Kellen mgongo.

Ibada fupi itafanyika Jumapili saa nne asubuhi katika kanisa la Kilutheri la hapa mjini. Unakumbukwa na mumeo Orrin, binti yako Britta na mumewe Wade, dada yako Joyce, wapishi wenzako wa shule, na mwanao Kellen, aliyeomba tusiandike "bingwa" mbele ya jina lake.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote tulizobakiziwa.