Programu ya Mizani Haina Mtunzaji

Ipinda, Jumanne

Basi wenzangu wameamua. Programu ya mizani itaondolewa kwenye mfumo wetu wa kompyuta tunaowagawia watu bure, labda ajitokeze mtu wa kuitunza.

Aliyeiandika amebadili leseni. Ukitumia toleo jipya kwenye biashara, unamlipa. Toleo la zamani bado ni huru, ila yeye hatalirekebisha tena. Sisi tunaoutengeneza mfumo huu kwa kujitolea tumebishana mtandaoni mpaka tumechokana. Wengi wanasema kugawa programu isiyo na mtunzaji ni kuwaachia watu mlango wazi kwa wezi. Wako sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mchana nilipita kwa Mama Tumpe, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mizani yake inategemea programu hiyo, na mimi ndiye niliyemwekea. Nikamweleza yote.

Akacheka. "Mbegu ukishampa mtu akapanda, utaifuata shambani kwake? Sisi tutaendelea na ile ya zamani."

"Ile itaota magugu, mama. Hakuna wa kupalilia."

"Kwani wewe si upo?"

Ile programu ni kubwa, nusu yake siielewi. Nikikosea, mizani ya watu itadanganya, na mkulima anayeleta mpunga kutoka Mwaya atajuaje? Halafu umeme wenyewe huu...

Akanifungia mchele kwenye mfuko. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru, kana kwamba nimekubali.

Wali nimeula wote. Nafasi ya mtunzaji bado iko wazi, na jina langu sijaliandika.