Nyumba ya Murhula Inangoja Moto Wangu

Siku ya kwanza ya juma, 6/3/1978
Nimepima magome ya kinini, ile dawa ya malaria, tangu asubuhi. Vumbi yake mudomoni, hata chai ikakuwa chungu. Shingo inauma.
Saa sita Murhula akafika hapa depo. Mudogo yangu, karani, suti yake ya abacost imepigwa pasi. Akanivuta pembeni kama mutu anayeleta habari ya kifo. Kumbe amenunua nyumba. Nguba, karibu na ziwa. Tofali, bati, barza, vyumba vitano. Mujane mwenye nyumba anahamia Uvira kwa watoto wake. Karatasi imesainiwa, mashahidi wamekunywa.
Nilimupa mukono. Nikacheka sana. Kisha nikarudi kwa mizani, nikasoma vibaya gunia tatu.
Mimi nina miaka makumi ine na saba. Yeye makumi tatu na sita. Mimi napanga Kadutu, vyumba viwili, choo ya watu wote. Nina wivu. Nimeandika, iko pale.

Siku ya pili, 7/3
Bado ile nyumba.
Si mushahara ya karani iliyoinunua. Ni mikate. Muke yake, Maman Faida, anachoma mikate ndani ya sufuria, makaa chini, makaa tena juu ya mufuniko. Mikate ya maziwa, keki ya ndizi. Mutaa ya Nyawera yote inakula kwake, miaka sita sasa. Mimi nilikuwa nachekelea vile vimikate. Leo vimikate vimekuwa ukuta.
Na kule Nguba, ndani ya yadi, iko furu, tanuri ya tofali. Mugiriki mumoja aliijenga zamani, inachoma mikate mia kwa mara moja. Ndiyo sababu walitaka ile nyumba, si nyingine.
Jioni nganda, kwa pombe. Nikaelezea vile niliteremusha lori kutoka Kamituga bila freni, nikishikilia magurudumu na mukanda ya suruali yangu. Walikuwa wanacheka vizuri. Mumoja akauliza, eti mudogo yako anahamia Nguba, ni kweli? Hadithi ikafia pale. Nikamaliza chupa, nikarudi.

Siku ya tatu, 8/3
Nimefanya kitu.
Walikuja wote wawili, yeye na muke, na mukate ndani ya kitambaa. Walikuja kuniomba moto. Baba alituachia neno, naye alilipokea kwa baba yake: kwa nyumba mupya, mukono ya mukubwa ndiyo inawasha moto ya kwanza. Kabla ya pale mudogo hapiki mule, halali mule.
Maman Faida alikaa kwa kiti yetu fupi, mugongo wima.
«Shemeji, tunakungoja siku ya posho, mwisho wa juma. Ile furu imelala miaka mingi. Inataka moto mudogo siku mbili muzima, isipasuke. Na Pasaka nimekubali mikate ya parokia.»
Sijui nini iliniingia. Mudomo ilifunguka yenyewe. Nikasema posho siwezi. Nikasema mimi pia najenga, kule Panzi, vyumba saba, simenti inatoka Bujumbura. Nikasema moto ya mukubwa inawaka kwanza kwake mwenyewe, mudogo hawezi kupita mukubwa kwa njia.
Vyumba saba, kwa sababu yeye iko na tano.
Nilifikiri Murhula atacheka. Ananijua. Akasimama, akashika mukono yangu na mikono yake yote miwili, macho imejaa maji. «Mukubwa, na hukutuambia kitu. Basi utatangulia wewe. Sisi tutangoja.»
«Wiki mbili,» nikasema.
Walipotoka, muke yangu alikuwa anakunja nguo. «Panzi,» akasema. «Nipeleke basi, nipange sahani zangu.»

Siku ya ine, 9/3
Mukate yao ilikuwa tamu. Nilikula nusu yote peke yangu. Nilitaka ikuwe mubaya.

Siku ya posho, 11/3
Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya serikali, tukafyeka majani kando ya barabara. Nilisimulia ndege zangu za Lwiro, zile wataalamu walinilipa nizifundishe kuhesabu. Hakuna aliyesikiliza, mvua.
Mwenye ile nyumba Murhula alikuwa anapanga amekataa kungoja. Vyumba viliahidiwa mwalimu. Leo wametoka. Vitanda, meza, masanduku, vyote viko kwa barza ya Nguba, chini ya bashi, turubai ya lori. Wenyewe wanalala kwa katekista, chumba kimoja, wao na watoto wane. Nyumba yao imefungwa. Ufunguo ndani ya mufuko ya Murhula.
Muke yangu alienda kusaidia kubeba. Mimi nilisema mugongo inauma.
Vyumba vitano vitupu, na wao wanalala kwa mikeka ya watu. Kwa sababu ya mudomo yangu. Na niandike yote: nilifurahi kidogo. Kama kujikuna fasi ya kidonda.

Siku ya Mungu, 12/3
Nyuma ya misa watu walinipongeza. Murhula amemwambia kila mutu. Katekista akanishika bega: «Vyumba saba, papa. Mungu anaweza.» Nikaongeza garaje. Mimi sina hata baiskeli.
Murhula akasema mbele yao wote: «Huyu aliacha shule mwaka ya ine ili mimi nisome. Hata nyumba yangu ni yake.»
Ni mimi niliyemulisha ile habari tangu akiwa mutoto. Ukweli, mwalimu alinifukuza. Niliuza kengele ya shule.
Sikula muchana.

Siku ya tatu, 15/3
Nyuma ya kazi nilitembea mpaka Panzi. Nilitaka kuona msingi wowote, ya mutu yeyote, nipate kitu ya kuonyesha na kidole. Masaa mawili njiani, matope mpaka magotini. Nikapata moja, mawe mazuri. Nikauliza fundi ni ya nani. Ya munganga mumoja. Nikasema najua, ni rafiki yangu. Fundi akaendelea na mwiko yake.
Mutu muzima anazunguka mulima mpaka mulima kutafuta uongo yake kama mbuzi iliyokata kamba.
Nilirudi na hasira juu ya Murhula. Nani alimwambia aniamini.

Siku ya posho, 18/3
Hii ni mubaya kuliko yote.
Saa tisa Maman Faida akasimama mulangoni kwangu. Peke yake. Kitenge imelowa mpaka kiuno, matope kwa miguu, kitunga kichwani. Murhula alimutuma Panzi kusalimia wafundi ya mukubwa. Alichoma mikate makumi tatu kwa ile sufuria yake, kule kwa katekista, akaibeba kwa miguu chini ya mvua.
«Shemeji, wafundi sikuwaona. Labda mvua iliwafukuza. Utawapelekea wewe.»
Akaweka kitunga mezani. Nikamupa kiti, akakataa. Akaenda.
Anajua. Aliuliza Panzi yote, najua vile anauliza, pole pole, mulango kwa mulango. Na hatamwambia bwana yake. Niliona kwa vile hakuniangalia.
Ningependa anitukane. Nilikuwa nangoja matusi, nilikuwa na majibu yake tayari. Iko na nyumba, iko na furu, na sasa aibu yangu pia iko kwake, ameifunika kama mukate. Ninamuchukia siku ya leo. Watoto wangu walikula ile mikate wote, wakalamba vidole.

Siku ya Mungu, 19/3. Matawi
Mutoto yao ya mwisho anakohoa. Kwa katekista sakafu ni udongo, maji inapita chini ya mulango. Murhula alimubeba misa yote, tawi kwa mukono moja, mutoto kwa mukono nyingine.
«Mukubwa, mumefika kwa bati?»
«Karibu.»
Maman Faida alikuwa anasuka jani la tawi yake. Akalisuka mpaka likakatika.

Siku ya pili, 21/3
Parokia imemwambia Maman Faida: kama mpaka siku ya ine ya juma hii furu haijawaka, Pasaka watanunua mikate fasi nyingine. Hakuniletea ile neno. Muke yangu aliisikia sokoni.
«Wewe unalinda ukubwa gani?» akaniuliza. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa.
Nikapiga mulango. Nganda. Wakaomba hadithi ya siku nilivuka mpaka Idjwi kwa kuogelea, mbuzi mugongoni. Nikaianza. Nikafika katikati ya ziwa, nikachoka. Nikawaambia ilikuwa mutumbwi. Wakafikiri ni sehemu ya kuchekesha.

Siku ya tatu, 22/3
Nimeenda. Kutoka depo mpaka Nguba bila kupita nyumbani, vumbi ya kinini bado kwa nywele.
Murhula alikuwa amekaa kwa barza katikati ya vitanda vyake kama mutu anayengoja lori. Maman Faida alikuwa anachunga unga ya ngano na chekecheke kwa ile meza ilikuwa pale inje. Anachunga unga, na furu baridi. Nilimuona nikataka kurudi.
Nikasema: «Panzi hakuna kitu. Hakuna hata jiwe.»
Murhula akacheka. Alifikiri hadithi inaanza. Nikarudilia. Akaacha kucheka.
«Siku kumi na moja,» akasema. «Watoto wangu wanalala kwa watu siku kumi na moja. Kwa nini?»
«Wivu.»
Ni neno kidogo ukilisema na sauti. Nilifikiri ni kubwa.
Akasimama. Akasema mambo mengi, sitaandika. Hajawahi kunisemea vile tangu azaliwe. Moja nitaandika: «Ungeniomba chumba, ningekupa.» Ile ndiyo iliingia. Si kwamba angenipa. Kwamba ni yeye wa kutoa sasa, na mimi wa kuomba, na yeye hakuona hata kama ni jambo.
Nikamwambia awashe yeye mwenyewe, mukono yangu haistahili tena.
Maman Faida alifuta unga kwa mikono. «Hapana. Baba yenu hakusema mukubwa mwema. Alisema mukubwa. Murhula, fungua.»
Murhula akatoa ufunguo, muke yake akanipa kiberiti.
Furu iko nyuma, mudomo yake nyeusi, buibui ndani. Nikapiga magoti. Vijiti vitatu vilikufa, kiberiti ilishika maji ya mvua. Cha ine kikashika majani ya kalitusi. Nikataka kuongeza kuni, nionyeshe kitu. Akanizuia mukono. «Mudogo, shemeji. Mudogo hivyo hivyo.» Nikaacha moto mudogo. Moshi ilijaa yadi yote, tukalia sisi wote, nayo ilinisaidia.
Kisha nikachukua makaa juu ya kibao, nikaingia nayo ndani, jikoni. Watoto wakaingia nyuma yangu wakikimbia, chumba mpaka chumba, wakipiga kuta na viganja. Wakagombana nani atalala wapi.
Murhula alibaki inje kwa barza, mugongo kwetu. Nilipita kando yake. Nikarudi Kadutu.

Siku ya tano, 24/3. Tano Kubwa
Njia ya musalaba. Nilisimama nyuma. Wamesikia wote, naona kwa vile wananisalimia kwa heshima nyingi.
Muke yangu anasema furu haikupasuka. Moto mudogo jana, leo kubwa kidogo.

Siku ya posho, 25/3
Mikate ya parokia imetoka. Mia na kitu, nyekundu vizuri. Nimesikia tu. Mimi sikuenda, na hakuna aliyeniita.

Siku ya Mungu, 26/3. Pasaka
Misa. Nyama kidogo, wali. Maman Faida alimupatia muke yangu mukono na kumukumbatia. Mimi alinipa mukono. Murhula alikuwa na mambo na katekista, mbali.
Nilikaa nyumbani. Sikwenda nganda. Sina hadithi.

Siku ya kwanza, 27/3
Depo imefungwa. Nilikuwa nanyoa ndevu wakati Murhula alisimama mulangoni.
«Bati inavuja juu ya chumba ya watoto. Nataka mutu wa kushika ngazi.»
Hakusema mukubwa. Hakukaa. Nikapangusa sabuni, nikamufuata. Kutoka Kadutu mpaka Nguba yeye mbele, mimi nyuma.
Akapanda na nyundo. Mimi nikashika ngazi chini. Kutoka pale unaona ziwa yote, na mutumbwi ya motere inakwenda zake. Ni nyumba muzuri. Nikahesabu madirisha. Wivu haijaenda popote, iko kifuani palepale, imekaa tu.
Akanyoosha mukono bila kuangalia, nikamupa musumari. Tena. Tena. Ngazi ikatikisika, nikaweka muguu yangu kwa kipago ya chini. Kutoka jikoni Maman Faida akauliza kama tutakunywa chai. Murhula akasema tutakunywa.
Akateremuka. Akaangalia bati, akaihamisha ngazi upande wa pili.
«Na huku,» akasema.
Nikashika.